Ubao Mrefu wa Kuteleza Mawimbini: Umbo Lake na Mambo ya Kukagua Kabla ya Kununua

Anayenunua ubao wa kuteleza juu ya mawimbi hununua kitu asichoweza kukijaribu dukani. Kiatu huvaliwa, redio huwashwa, baiskeli huendeshwa hatua chache uani. Ubao haujulikani tabia yake mpaka uingizwe baharini, na aghalabu wakati huo fedha zimekwisha kutoka mfukoni. Mnunuzi hubaki akitegemea macho yake na maneno ya muuzaji. Makala hii imeandikwa ili macho hayo yajue yanachokitazama, na maneno hayo yaweze kupimwa.

Kosa la kawaida la anayeanza ni kununua ubao mfupi na mwembamba, kwa sababu ndio anaouona katika picha za mashindano. Katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, ambako mchezo huu uliingizwa kwa mara ya kwanza, washindani walitumia mbao fupi. Lakini ubao wa bingwa umetengenezwa kwa ajili ya mawimbi yenye nguvu na mwili uliozoezwa kwa miaka mingi. Mwanafunzi akiupanda huzama nao, hukosa wimbi baada ya wimbi, na baada ya wiki chache ubao huwekwa kando usitumike tena. Hasara hiyo huepukika kwa kuelewa jinsi umbo linavyofanya kazi.

Ubao mrefu ni upi?

Kwa desturi ya mchezo huu, ubao mrefu ni ule wenye futi 9 au zaidi, yaani mita 2.74, na wenye pua pana ya mviringo. Upana wake katikati huwa baina ya inchi 22 na 24 (sentimita 56 hadi 61), na unene wake hukaribia inchi 3 (sentimita 7.6). Ujazo wake, ambao watengenezaji huutaja kwa lita, huwa mara nyingi baina ya 60 na 85. Ubao mfupi wa mashindano, kwa kulinganisha, huwa na futi 6 hivi, upana wa inchi 19 hivi, na ujazo wa lita 25 hadi 35. Baina ya aina hizo mbili kuna mbao za kadiri, za futi 7 na 8.

Katika makala hii tutatumia maneno machache yenye maana maalumu. Pua ni ncha ya mbele na mkia ni ncha ya nyuma. Kingo ni mbavu mbili za pembeni. Tumbo ni upande unaogusa maji, na mgongo ni upande anaosimama mtelezaji. Mpindo ni jinsi ubao unavyoinuka kuelekea pua na mkia unapotazamwa kwa ubavu. Uti ni ubao mwembamba wa mti unaopita katikati kutoka pua hadi mkia ili kuupa ubao nguvu. Vipimo vya urefu, upana na unene mara nyingi huandikwa kwa kalamu karibu na uti huo, upande wa tumbo. Mnunuzi aanze kwa kuvitafuta hapo, na asipoviona, atumie utepe wa kupimia.

Umbo hili lilitoka wapi?

Asili ya mchezo huu ni visiwa vya Bahari ya Pasifiki, na hasa Hawaii. Wenyeji wa huko walichonga mbao za aina mbalimbali. Alaia ilikuwa nyembamba na bapa, nayo ilitumiwa na watu wengi. Olo ilikuwa ndefu na nene, ikinasibishwa na watu wa tabaka la watawala. Duke Kahanamoku, Mhawaii aliyeshinda dhahabu ya kuogelea mita 100 katika Olimpiki za 1912 na 1920, ndiye aliyeueneza mchezo huu katika nchi nyingine. Yeye mwenyewe alikuwa na ubao wa futi 16.

Mbao hizo za kale hazikuwa na pezi. Zilikwenda mbele vizuri, lakini mkia uliteleza kando kila mtelezaji alipojaribu kuzigeuza. Mwaka 1935 Mmarekani Tom Blake alifunga pezi chini ya mkia, na tatizo hilo likapungua sana. Msomaji anayekijua chombo cha tanga atalielewa jambo hili mara moja: jahazi lisilo na mkuku husukumwa kando na upepo, na lenye mkuku hushika njia yake. Katika miaka ya 1950, huko California, povu la poliuretani lilichukua nafasi ya mti, na ubao uliokuwa mzigo wa mtu mwenye nguvu ukawa mwepesi wa kubebwa kwapani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mbao zilifupishwa kwa ghafla ili zigeuke upesi. Hata hivyo mbao ndefu hazikutoweka, kwa kuwa kuna kazi ambazo ubao mfupi hauwezi kuzifanya, na ya kwanza miongoni mwa hizo ni kushika wimbi dogo.

Kwa nini ubao mrefu hushika wimbi mapema

Wimbi linapoingia maji ya kina kifupi, mwendo wake hutegemea kina hicho. Mahali penye kina cha mita 2, wimbi husafiri kwa kasi ya karibu kilomita 16 kwa saa. Hakuna mtu awezaye kufikia kasi hiyo kwa kulala juu ya ubao na kupiga maji kwa mikono yake. Anachofanya mtelezaji ni kujipatia mwendo wa kutosha ili mteremko wa wimbi umalizie kazi iliyobaki. Akiwa na mwendo mkubwa, mteremko mdogo unamtosha. Akiwa na mwendo mdogo, analazimika kungoja mpaka wimbi lisimame wima, karibu na kuvunjika, na hapo huwa na muda mfupi mno wa kuinuka.

Ubao mrefu humpa mtelezaji mwendo huo kwa njia tatu.

Ya kwanza ni kuelea. Kila lita ya ubao iliyozama baharini hubeba kilo moja na ziada kidogo. Tuchukue mtu wa kilo 70. Akilala juu ya ubao mrefu wa lita 75 wenye uzito wa kilo 7, jumla ni kilo 77, na ubao peke yake unatosha kuubeba uzito huo. Kiwiliwili chake hubaki juu ya maji. Mtu huyo huyo akilala juu ya ubao mfupi wa lita 30 wenye uzito wa kilo 3, ubao huzama wote, na lita 41 hivi za mwili wake huzama pamoja nao. Kifua, tumbo na mapaja huburura maji. Mikono hufanya kazi ile ile, lakini mwendo haupatikani.

Ya pili ni urefu wenyewe. Kitu kinachosukumwa juu ya maji huzua mawimbi yake madogo, na kadiri mwendo unavyozidi ndivyo mawimbi hayo yanavyomzuia msukumaji. Chombo kirefu hufikia mwendo mkubwa zaidi kabla ya kizuizi hicho kuwa kikali. Ndiyo sababu mtumbwi mrefu huupita mfupi ijapokuwa wapiga makasia wana nguvu sawa.

Ya tatu ni upana, hasa wa mkia na wa nusu ya mbele. Wimbi linapouinua mkia, ubao hupaswa kuacha kuelea kama gogo na kuanza kuteleza juu ya uso wa maji. Tumbo pana na bapa hupata msukumo wa kuinuka hata katika mwendo wa polepole. Tumbo jembamba huhitaji kasi zaidi kabla halijainuka.

Ubora huu una gharama yake. Ubao wa lita 75 hauzamishiki kwa urahisi. Ili kuupitisha wote chini ya wimbi linalovunjika, mtu angehitaji kuukandamiza kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 70. Mwenye ubao mfupi huzama nao na kutokea upande wa pili. Mwenye ubao mrefu hulazimika kugeuka chini juu, akiushika ubao kwa mikono miwili huku yeye akiwa majini, na kuliacha wimbi lipite juu ya tumbo la ubao. Anayenunua ubao mrefu ajifunze jambo hili siku ya kwanza, kabla hajajifunza kusimama.

Mpindo: mahali pa kutazama kwanza

Tungetakiwa kumshauri mnunuzi atazame jambo moja tu, tungemwambia atazame mpindo. Ulaze ubao sakafuni kwa tumbo, chuchumaa, kisha utazame kwa ubavu.

Ubao wenye mpindo mdogo hulala karibu wote juu ya maji. Huenda kasi unapopigiwa mikono, hushika mawimbi yaliyolala, na huvuka sehemu tulivu bila kusimama. Lakini wimbi likiwa kali, pua yake huchimba maji, ubao husimama ghafla, na mtelezaji hutupwa mbele. Ubao wenye mpindo mkubwa wa mbele huepuka kuchimba huko, kwa kuwa pua hubaki juu wakati wa kushuka. Hata hivyo, katika mawimbi madogo pua hiyo iliyoinuka husukuma maji badala ya kuyapita, na mikono huchoka upesi.

Mpindo wa nyuma una kazi nyingine. Mkia uliopinda kidogo humsaidia mtelezaji aliyerudi nyuma kuugeuza ubao mahali pamoja. Mkia ulionyooka hutoa mwendo mzuri, lakini hukataa kugeuka. Kwa anayeanza, mpindo wa wastani mbele na mdogo nyuma ndio unaofaa zaidi.

Pua, kiuno na mkia

Pua pana huongeza uthabiti na humwezesha mtelezaji mzoefu kutembea mpaka mbele kabisa ya ubao. Mbao zilizokusudiwa kwa ustadi huo huwa na mbonyeo mpana chini ya pua. Maji yanayopita katika mbonyeo huo huiinua pua, na wakati huo huo maji ya wimbi yanayopita juu ya mkia huukandamiza. Nguvu hizo mbili hushirikiana kumzuia aliyesimama puani asizame. Mwanafunzi hahitaji mbonyeo huo, na haimpasi kulipa zaidi kwa ajili yake.

Mahali penye upana mkubwa zaidi pia pana maana. Pakiwa mbele ya katikati ya ubao, ubao hupendelea kwenda moja kwa moja na kwa utulivu. Pakiwa nyuma ya katikati, ubao hugeuka kwa wepesi zaidi.

Mkia wa mraba, ulio mpana, hupata msukumo mapema na hufaa mawimbi madogo. Mkia uliochongoka kama ncha ya mkuki huzama zaidi majini na huushika uso wa wimbi kali, hivyo hufaa mawimbi makubwa na yenye mwinamo. Mkia wa duara uko baina ya hiyo miwili, na humfaa mtu ambaye bado hajui atapendelea mawimbi gani.

Kingo na tumbo

Pitisha kiganja kwenye ukingo kutoka pua hadi mkia. Ukingo wa mviringo ni laini kama shavu la chungu. Maji hung'ang'ania umbo la namna hiyo: hupanda yakiuzunguka ukingo na kuuvuta ubao kwenye uso wa wimbi. Matokeo yake ni mwendo wa upole usiomshtua mtelezaji. Ukingo wenye kona kali upande wa chini huyakata maji na kuyaachia. Ubao huo huwa mwepesi na wa kasi, lakini humwadhibu anayekosea mizani.

Mbao nyingi ndefu za siku hizi huchanganya tabia hizo mbili. Ukingo ni wa mviringo mbele na katikati, kisha huwa mkali katika sehemu ya mwisho karibu na mkia. Mchanganyiko huu ni mzuri kwa watu wengi. Ukingo mkali kuanzia puani hadi mkiani haumfai anayeanza, hata muuzaji akiusifu vipi.

Mapezi

Ubao mrefu wa kale huwa na pezi moja kubwa, la inchi 8 hadi 10 (sentimita 20 hadi 25). Pezi hilo huushika mkia na kuufanya ubao uende bila kuyumba. Mtindo wa pili huwa na pezi la kati lililo dogo kidogo, pamoja na mapezi mawili madogo ya pembeni, ambayo huongeza mshiko ubao unapolala ubavu. Mbao fupi hutumia zaidi mapezi matatu yaliyo karibu sawa, mtindo ulioenezwa na Mwaustralia Simon Anderson mwaka 1981.

Pezi la kati la ubao mrefu kwa kawaida hufungwa kwa skrubu ndani ya kishimo kirefu, na huweza kusogezwa. Likisogezwa nyuma, ubao hunyooka na kuwa mgumu kugeuka. Likisogezwa mbele kwa sentimita chache, ubao hulegea na kugeuka kwa wepesi. Anayelalamika kwamba ubao wake haugeuki na asogeze pezi kwanza kabla ya kufikiria kuuza ubao. Marekebisho haya hayagharimu chochote ila bisibisi na dakika tano.

Jinsi ubao mrefu unavyoongozwa

Wapo wanunuzi wanaokata tamaa kwa kuutaka ubao mrefu uwe kama mfupi. Ubao mfupi hugeuzwa kwa kukandamiza mguu wa nyuma bila kuondoka mahali. Ubao mrefu una sehemu ndefu mbele ya mtelezaji, na sehemu hiyo hukataa kuzungushwa kwa haraka. Ili ugeuke, ni lazima mtelezaji arudi nyuma hatua moja au mbili hadi juu ya mapezi, augeuze kwa upinde mpana, kisha asogee mbele tena ili mwendo usipotee. Kutembea huko ndiko usukani wake. Mtelezaji anayesimama mahali pamoja tangu mwanzo hadi mwisho hatumii ila nusu ya uwezo wa ubao wake.

Vifaa na uzito

Kiini cha mbao nyingi ni povu la aina mbili. Povu la poliuretani hufunikwa kwa kitambaa cha nyuzi za kioo na resini ya poliesta. Povu la polistireni hufunikwa kwa nyuzi hizo na resini ya epoksi. Mbao za polistireni huwa nyepesi na hustahimili migongano midogo, lakini zikipasuka, nyingi hunywa maji. Mbao za poliuretani huwa nzito zaidi, na uzito huo si kasoro katika ubao mrefu. Hulinda mwendo na kuutuliza ubao maji yanapochafuka kwa upepo.

Hapa tunatoa onyo moja. Resini ya poliesta huyeyusha povu la polistireni. Mtu akiziba ufa wa ubao wa polistireni kwa poliesta, huchimba shimo badala ya kuliziba. Kabla ya kununua, uliza ubao umetengenezwa kwa povu gani, na uombe jambo hilo liandikwe kwenye risiti. Usipopata jibu la hakika, tengeneza kwa epoksi, ambayo haidhuru povu la aina yoyote kati ya hizo mbili.

Aina ya tatu ni ubao laini, uliofunikwa juu kwa sponji. Hauna maringo, lakini humwumiza mtu kidogo zaidi unapomgonga. Kwa watoto na kwa madarasa ya mafunzo, huo ndio chaguo letu la kwanza. Kwa mtoto, urefu wa futi 7 au 8 unatosha. Ubao wa futi 9 humshinda kuubeba na kuudhibiti.

Ubao upi, kwa nani, na kwa bahari ipi?

Sehemu kubwa ya pwani ya Kenya imekingwa na miamba ya matumbawe inayovunja mawimbi mbali na ufuo. Katika ghuba ya Malindi, ambako kinga hiyo imekatika, mawimbi hufika karibu, hasa mwezi wa Julai na Agosti kusi inapovuma. Hayo kwa kawaida ni mawimbi ya wastani, yaliyosukumwa na upepo, nayo hayana mpangilio wala mwinamo mkali. Katika bahari kama hiyo, mwenye ubao mrefu hupata mawimbi mengi siku ambayo mwenye ubao mfupi huambulia machache.

Kanuni ya kukadiria ni hii: kwa anayeanza, idadi ya lita za ubao isipungue kilo za mwili wake. Mtu wa kilo 60 atafute ubao wa futi 9 wenye lita 65 au zaidi. Mtu wa kilo 90 atafute futi 9 na nusu au zaidi, wenye lita zisizopungua 90 kama utapatikana. Wote wawili watafute mpindo wa wastani, kingo za mviringo na pezi moja au mapezi ya mtindo wa pili. Aliyekwisha zoea, anayetaka kuteleza kwenye mawimbi makali, ndiye anayepaswa kufikiria mpindo mkubwa, mkia uliochongoka na kingo kali zaidi.

Kumbuka pia kwamba mita 2.74 haziingii katika magari mengi, na haziruhusiwi katika kila ndege. Uliza gharama ya usafiri kabla ya kulipia ubao. Pengine ubao wa kadiri wa futi 8 ndio utakaotumika zaidi, kwa sababu ndio unaobebeka.

Kukagua ubao uliotumika

Mbao nyingi zinazouzwa kwa bei nafuu ni zile zilizokwisha kutumika. Ubao wa namna hiyo waweza kuwa mzuri kabisa. Ukague mchana, nje, na kwa utaratibu huu:

1. Omba nta iliyopakwa mgongoni ikwanguliwe. Chini ya nta ndiko nyufa hujificha.
2. Kandamiza mgongo wote kwa kidole gumba, hasa pale miguu inaposimama. Mahali panapobonyea na kurudi, kama ngozi ya maandazi, ganda limebanduka kwenye povu. Kasoro hiyo huenea, na gharama yake ya kutengeneza ni kubwa.
3. Tazama kingo na mkia. Ufa wowote unaoingiza ukucha huingiza maji. Ukiona maji au chumvi vikitoka kwenye ufa, kiini kimelowa.
4. Inua ubao. Ukiwa mzito kuliko mwingine wa ukubwa na aina hiyo hiyo, shuku maji ndani.
5. Tafuta mstari unaokata ubao kwa upana, juu na chini. Huenda ulivunjika vipande viwili ukaungwa. Rangi mpya iliyopakwa katikati peke yake ni sababu ya kuuliza swali.
6. Tazama kutoka mkiani kuelekea puani, jicho moja likiwa limefumbwa. Uti unyooke. Ubao uliopotoka hauna dawa.
7. Tikisa pezi. Kishimo kikicheza pamoja nalo, kimelegea. Kagua vilevile kijishimo kinachofungiwa kamba ya mguu.

Rangi ya manjano inayoletwa na jua kwenye ubao wa poliuretani huharibu sura tu. Usikubali ikupandishie hofu, bali itumie kupunguza bei. Ukishanunua, usiuache ubao juani wala ndani ya gari lililofungwa. Joto huvimbisha ganda na kulitenga na povu, na ubao wa miaka kumi huweza kuharibika mchana mmoja.

Usalama wako na wa wengine

Ubao mrefu ukikuponyoka katika wimbi huwa gogo la mita karibu tatu linalokwenda mbio bila nahodha. Tumia kamba ya mguu isiyopungua urefu wa ubao, na uibadilishe ikionyesha mkato. Usiutupe ubao unapoona wimbi likija. Tazama kwanza kama kuna mtu nyuma yako. Ukianguka, anguka ubapa, kwa kuwa kina huweza kuwa kifupi na chini pakawa na matumbawe, kisha ukinge kichwa kwa mikono unapoibuka. Uliza wavuvi wa mahali hapo habari za mikondo na za maji kujaa na kupwa kabla hujaingia.

Kwa desturi ya mchezo huu, aliye karibu zaidi na sehemu ya wimbi inayovunjika ndiye mwenye haki ya wimbi hilo. Mwenye ubao mrefu huweza kulishika wimbi kabla ya wengine wote. Wepesi huo usimfanye awanyime wenzake.

Haki zako

Sheria ya Kenya ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 humchukulia mwuzaji kuwa amedhamini kwamba bidhaa aliyoiuza ina ubora unaostahili. Sheria hiyo pia hukataza kauli za uongo, kama vile kudai kwamba kitu ni kipya ilhali kimetumika. Haki hizo hutetewa kwa ushahidi. Kwa hiyo chukua risiti iliyoandikwa vipimo, aina ya povu, hali ya ubao, na kama umewahi kutengenezwa. Piga picha za pande zote mbili kabla ya kulipa. Mwuzaji asiyekubali kuandika anachokisema amekwisha kukujulisha thamani ya maneno yake.

Uwezapo, kodi ubao wa vipimo unavyovikusudia kwa siku mbili au tatu kabla ya kununua. Ukiwa majini, angalia mambo matatu: je, kifua chako kimebaki juu ya maji? Je, pua huchimba unaposhuka? Je, umelishika wimbi kabla halijavunjika? Majibu ya maswali hayo yatakueleza mengi kuliko kipeperushi chochote, pamoja na hiki.